Kundi Litue Wapi

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchemsha chai, Damari Mlewa aliwalisha nzige wake. Walikuwa ishirini, kila mmoja ndani ya kisanduku chake cha kioo, wamepangwa kwenye rafu mbili kama vitabu. Alikata majani ya mtama kwa mkasi, akapitisha jani mojamoja kwenye vijilango, akasoma namba ndogo iliyobandikwa mgongoni mwa kila mdudu na kuwaamkia kimoyomoyo. Kwa sauti hakuwahi. Kituo kizima kilijua kwamba Damari anaona haya hata mbele ya wadudu.

Siku hiyo alikuwa amefika kisanduku cha kumi na mbili aliposikia kimya. Chumba kile kilikuwa na mlio wake, mlio wa kutafuna, hafifu kama manyunyu juu ya bati. Ulikatika ghafla. Damari akainua macho. Nzige wote ishirini walikuwa wameacha kula. Wote wamegeukia kaskazini mashariki, papasi zimesimama wima vichwani mwao. Hata namba saba, mlafi asiyejua kusubiri, alikuwa ameliacha jani lake likining'inia.

Alibonyeza redio ya ukutani.

"Bosi. Wamegeuka."

"Nani kageuka?"

"Wote."

Yeremia Chidumizi, mkuu wa kituo, alifika akikimbia, mswaki mdomoni, taulo begani. Alitazama rafu ya juu, akatazama ya chini, akatoa mswaki.

"Hata namba saba?"

"Hata yeye."

"Basi ni kweli wanakuja," alisema, na utani wote ukamtoka usoni.

Wale ishirini walikuwa wamelelewa kila mmoja peke yake tangu yai. Hawakuwahi kuguswa na mwenzao, kwa hiyo walibaki panzi wapole wa rangi ya majani makavu. Lakini papasi zao zilikumbuka kitu ambacho wao wenyewe hawakukijua. Upepo ukileta harufu ya kundi, hata kundi likiwa mbali kilomita mia na ishirini, walisimama na kuelekea huko. Chombo chochote cha angani kilichelewa nusu siku nyuma yao.

Dakika chache baadaye ukuta wa chumba cha ramani uliwaka. Mwongozo, ile mashine ya kukokotoa njia ya nzige, ulikuwa umekwisha kupokea habari na kuchora mstari mwekundu kutoka kaskazini mashariki hadi ukingoni mwa bonde la Bahi, mahali mpunga wa tarafa sita ulipokuwa umesimama kijani, wiki tano kabla ya kuvunwa.

Kila mtoto wa shule alijua Mwongozo unavyofanya kazi. Sumu ilipigwa marufuku tangu mwaka ule nyuki walipoisha na alizeti ikatoa maua bila mbegu. Badala yake maabara ziliiga harufu ambayo nzige huitumia kuitana, zikaitia kwenye mitungi na kuiita wito. Minara ikajengwa nyikani. Mnara ukifunguliwa, kundi linageuka kuufuata kama ng'ombe wanaosikia filimbi ya mchungaji wao. Ila kundi haliwezi kufutwa. Lazima litue mahali, lile, lishibe, litage, na mayai yachimbuliwe kabla hayajaanguliwa. Mahali hapo paliitwa tuo, na kazi ya Mwongozo ilikuwa kuchagua tuo lenye hasara ndogo kuliko yote. Kwa miaka sita tuo lilikuwa pori. Hakuna aliyelia isipokuwa swala.

Mstari ulisogea, ukapinda mbali na mpunga, ukasimama juu ya doa la kahawia. Chini yake yakatokea maandishi: SANZUGWA. PORI. KUTUA LEO, SAA KUMI NA MBILI JIONI.

"Safi," alisema Chidumizi. "Tuma ujumbe kwa wenyeviti wote wa jirani, halafu tunywe chai."

Damari alituma ujumbe. Jina la Sanzugwa lilimkaa moyoni, na hakujua kwa nini. Kisha akajua.

*

Chai ilikuwa haijapoa simu ilipolia. Chidumizi aliiweka mezani, sauti ikasikika chumba kizima, na nyuma yake ngurumo ya mashine ya kusaga.

"Haloo! Hapo ni kwa wenye nzige?"

"Ni kituo cha Mwongozo, mama. Anaongea Chidumizi."

"Mbukwa, Chidumizi. Mimi Foibe Ndahani, mwenyekiti wa Sanzugwa. Nimepata ujumbe hapa unasema jioni nzige watatua porini kwangu. Sasa nauliza, maana labda nimekosea kazi miaka yote hii. Mimi ni mwenyekiti wa nani? Wa ngiri?"

Watu waliokuwa karibu naye walicheka. Chidumizi hakucheka.

"Mama, ramani inaonyesha hapo ni pori."

"Ramani imelala kwangu lini? Nina kaya mia nne na kumi. Uwele unaingia maziwa. Hao ngiri wangu wana shule, wana zahanati, na Jumapili iliyopita wamemgombeza mchungaji kwa kuchelewa ibadani. Nani alisema hapa ni pori? Nitajie jina tu, sitaki kingine."

Chidumizi alifungua fomu ya upimaji ukutani. Ilikuwa ya miaka miwili nyuma, kabla yeye hajahamishiwa kituoni.

"Hakuna jina, mama. Kuna namba ya mpimaji tu. Sifuri nne moja saba."

Damari aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. Namba ile aliijua kama anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, kwenye mazoezi ya vitendo, na alipewa vijiji kumi na kimoja avipime kwa wiki moja. Picha za angani zilikuwa tayari. Kazi ya mpimaji ilikuwa kufika, kuona kwa macho, kuuliza, kisha kuandika neno moja.

Sanzugwa alifika. Aliona kwa macho, kupitia kioo cha gari. Njiani walikaa wanawake saba au wanane wakipumzika kivulini, na alipofikiria kushuka, kuwaamkia mmoja mmoja, kujieleza yeye ni nani na mtoto wa nani, kutazamwa juu hadi chini, moyo ulimwenda mbio. Shamba lilikuwa na majani hadi kiunoni. Chuoni walifundishwa kwamba shamba lisilopaliliwa ni shamba lililoachwa. Akaandika pori, akamwambia dereva waendelee.

"Nenda kaangalie," Chidumizi alimwambia. "Kama mama huyu ana kaya kumi na tano anaziita mia nne, tujue. Una hadi saa nane."

*

Safari hii Damari alishuka.

Mama Foibe Ndahani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwepesi, nywele zimejaa vumbi la unga kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeongea au umepumua?"

"Nimesema shikamoo."

"Haya, sauti ipo, imejificha tu. Twende."

Walipita kati ya nyumba, zahanati, tangi la maji, hadi mashambani, na Damari aliona alichokikimbia miaka miwili iliyopita. Uwele ulisimama kuliko yeye, masuke marefu kama mkono wa mtoto, na ukiminya punje ilitoa maziwa meupe. Chini yake majani yalijaa hadi kiunoni.

"Hamjapalilia," alisema, kwa sauti ya mtu anayejitetea mwenyewe.

"Tumepalilia mara mbili! Hebu inama. Hii unaiita nini?"

Damari aliinama, akavunja kijani kimoja, akakisugua kwa vidole. Kiliteleza.

"Mlenda."

"Mlenda. Na ile kunde pori, na ule mchicha wa asili. Hatuling'oi jani hata moja linaloliwa. Tunachuma, tunakausha, tunatwanga, tunakula mwaka mzima. Mvua ikikataa uwele, mlenda unatubeba. Shamba safi kama uwanja wa mpira ni la mtu mwenye duka karibu, mwanangu." Alisimama wima, akajifuta mikono. "Huyo wa namba, alikuja lini? Maana hapa mgeni hapiti bila kunywa maji. Hatukumwona."

Upepo ulipita juu ya masuke. Damari alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, mafupi, manne au matano.

"Kuna kosa kwenye takwimu, mama," alisema.

"Kumbe mashine nazo zinakosea." Mama Foibe alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi. "Pole. Naona linakuuma kama vile ni lako."

*

Alirudi kituoni saa nane kasorobo, matope kwenye viatu. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akafuta neno pori juu ya Sanzugwa, akaandika shamba.

Mwongozo ulifikiri kwa sekunde moja. Mstari mwekundu ulisogea kushoto na kusimama juu ya doa jingine la kahawia. MAHONGOLO. KAYA 92. PORI LENYE MAKAZI. MPIMAJI 0417.

"Umeona?" alisema Chidumizi polepole. "Ukiondoa jina moja, linakuja jingine. Ukiondoa hilo, la tatu. Mwisho wa orodha ni mpunga, na mpunga ule ni chakula cha tarafa sita. Ndiyo maana kazi hii ulipewa Mwongozo, Damari. Ili unaochagua usiwe mkono wa mtu."

"Ni mkono wa mtu," alisema Damari.

"Unasema?"

"Nasema... kuna kosa kwenye takwimu. Kama Sanzugwa si pori, Mahongolo tunajuaje? Mpimaji ni yuleyule."

Alihesabu madoa ya kahawia. Kumi na moja. Nusu ya vijiji vya upande ule vilikuwa mwandiko wake, na miaka miwili watu walikuwa wamelala usingizi chini ya neno moja aliloliandika garini. Alitaka kukaa chini alie. Badala yake aliuliza kitu ambacho hakikuwamo kwenye utaratibu wowote.

"Bosi, kwa nini tuo lazima liwe na majani?"

"Ili wale. Wasipokula hawakai."

"Hawakai wakipata joto. Lakini usiku hawaruki. Asubuhi, jua lisipowapasha, miguu na mabawa ni mazito, unaweza kuwashika kama maharage. Mpaka saa tatu hivi." Alionyesha sehemu nyeupe, tupu, kati ya Sanzugwa na bonde. Ilikuwa mbuga ya magadi, kilomita nne bila hata unyasi. "Tuwaite hapa. Mitungi yote kumi na miwili, tuimwage chini kwa mistari badala ya kuifungulia minarani. Watarundikana juu ya mistari kama matuta. Kisha watu wawazoe."

"Wawazoe?"

"Kwenye magunia. Hawana sumu. Wanaliwa."

Chidumizi alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Alikokotoa kwa sauti. Kundi lilikuwa na ukubwa wa kilomita moja ya mraba, kama tani tisini. Watu elfu tatu, kila mtu kilo thelathini, kwa saa mbili na nusu.

"Sanzugwa yote watatoka elfu moja na mia tatu," alisema Damari. "Mama Foibe hawezi kukataa. Waliobaki watoke bondeni."

Chidumizi aliuliza Mwongozo. Jibu lilikuja bila huruma wala hasira. KUTUA MAHONGOLO: UHAKIKA WA KUOKOA MPUNGA, ASILIMIA 99. KUTUA MBUGA YA MAGADI: ASILIMIA 58.

Wote wawili walilisoma mara mbili. Mitungi ilikuwa kumi na miwili tu hadi mwezi ujao. Ikitumika mbugani na watu wakashindwa, kundi lingeamka na njaa ya usiku mzima, na kitu cha kwanza cha kijani mbele yake kingekuwa mpunga, bila tone la wito kulizuia.

"Mama yangu ana ekari mbili kule bondeni," alisema Chidumizi. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua."

"Upande huu kaya tisini na mbili. Upande ule watu laki na zaidi. Hesabu hii hata mtoto anaijua."

"Hesabu naijua, bosi." Damari alizungumza akiitazama sakafu, lakini hakunyamaza. "Tukiwapeleka Mahongolo, tutashinda. Tutaandika ripoti, tutasema hasara ndogo. Watakaokosa mbegu ni wale ambao hatukuwahi kuwauliza hata jina. Tukienda mbugani tunaweza kushindwa, ila tutakuwa tumeshindwa wote, tukiwa pamoja, macho wazi. Na kabla ya kufungua hata mtungi mmoja, watu wa bonde waulizwe. Wakikataa, sitasema tena. Lakini waulizwe."

Chidumizi alijifuta uso kwa ile taulo ya asubuhi, ambayo bado ilikuwa begani.

"Mwaka mzima tumekaa wote hapa," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sentensi zako tano mfululizo. Hilo peke yake linastahili sahihi yangu." Akachukua simu. "Ngoja nianze na mama. Mama akikubali, bonde limekubali. Akikataa, hamia mkoa mwingine, na mimi nakufuata."

Alizungumza Kigogo kwa robo saa, akipokea maneno mengi kuliko aliyotoa. Alipokata simu alikuwa anatoka jasho.

"Anasema alikuwa anasubiri mtu amuulize kitu tangu minara ijengwe. Anasema pia mimi ni mjinga, lakini hilo halihusiani na nzige."

Waliweka sahihi wote wawili kwenye hati ya kubadili tuo, kama sheria ilivyotaka. Saa kumi na moja jioni mitungi kumi na miwili ilikuwa imemwagwa kwenye magadi, mistari kumi na miwili ya mita mia nne kila mmoja, na kundi lilionekana. Kwanza lilikuwa kama moshi wa shamba linalochomwa mbali. Kisha moshi ukaanza kung'aa. Kisha sauti, kama maelfu ya watu wanaokunjua karatasi kwa wakati mmoja, na jua likawa la rangi ya shaba. Kundi lilifika juu ya Sanzugwa, likapita juu ya masuke ya maziwa bila kushuka, likageuka. Polepole, kama shuka inayotandikwa, likashuka juu ya mbuga tupu, na ardhi nyeupe ikawa ya manjano.

*

Kulipopambazuka magadi yalikuwa ya baridi kama sakafu ya saruji. Damari alikuwa amevaa sweta mbili. Mbele yake kulikuwa na matuta kumi na mawili ya nzige, yanamfika magotini, yametulia kimya, kila mdudu amemkumbatia mwenzake. Alichukua mmoja kiganjani. Mdudu alisogeza mguu mmoja, akachoka.

Sanzugwa walikuwa wamefika kabla ya mwanga. Walibeba ndoo, vyandarua, mikeka, magunia, vifuniko vya mapipa, na mtu mmoja toroli la zahanati. Mama Foibe aliwapanga kwenye matuta matano kwa kipaza sauti cha kijiji. Matuta saba yalibaki bila watu.

"Bonde wako wapi?" aliuliza.

"Wamesema watakuja," alisema Damari.

"Jua nalo limesema litakuja. Sisi tunaanza."

Waliinama. Kwa dakika za kwanza kulikuwa na mchakacho tu wa mikono na magunia. Damari aliinama pia, lakini macho yake yalikuwa upande wa bonde, ambako hakukuwa na kitu. Chidumizi alishika kipimajoto kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Nyuzi kumi na saba. Kumi na saba na nusu. Zikifika ishirini na tatu mabawa yangefunguka.

Nusu saa ilipita, na ukingo wa jua ukaonekana. Matuta saba yalikuwa bado mazima.

Kisha kukasikika ngoma. Ilitoka bondeni, ngoma za wanawake, zile zinazoshikwa kati ya mapaja na kupigwa kwa viganja, na nyuma yake mlio wa injini. Matrekta tisa yalitokeza yakivuta matrela, na matrela yamejaa watu hadi wengine wananing'inia. Nyuma yao baiskeli, pikipiki, mikokoteni, watu kwa miguu. Juu ya trela la kwanza bibi mmoja mwembamba alikuwa amekaa ndani ya sufuria la kupikia harusini, ameshika kingo zake kwa mikono miwili.

"Yeremia!" alipiga kelele. "Nishushe, mjinga wewe, jua halikusubiri!"

"Shikamoo, mama," alisema Chidumizi, akimnyooshea mikono amshushe.

"Mbukwenyi!" bonde waliita.

"Mbukwa!" Sanzugwa waliitikia bila kunyanyua migongo. "Mmelala unono! Mpunga unawapa usingizi!"

"Tulikuwa tunatafuta magunia! Nyie na uwele wenu mnayo ya kujaza?"

"Tutaona nani anajaza!"

Ikawa mashindano. Hakuna aliyeyapanga, yalizuka tu, kama yanavyozuka penye watu wawili wenye majembe. Kila tuta likawa na wimbo wake. Mahongolo walifika wakiwa wa mwisho, kwa sababu walikuwa wameambiwa wa mwisho, wakadai tuta lao peke yao na wakapewa la kumi na mbili. Mama Foibe alipita huku na huku na kipaza sauti chake.

"Nyie wa tuta la nane! Mnazoa nzige au mnawabembeleza? Bonde, shikeni kwa kiganja, si kwa vidole viwili, hiyo si bamia! Mahongolo, Mungu awape nguvu, mnanitia aibu mimi mwenyewe!"

Nyuzi ishirini. Magunia yaliyojaa yalishonwa na kupandishwa kwenye matrela. Nyuzi ishirini na moja. Damari alijaza la tatu, la nne, mikono yake imepakwa rangi ya manjano hadi viwiko, nzige mmoja ndani ya nywele, na alikuwa anaimba kiitikio cha wimbo ambao hakujua maneno yake. Nyuzi ishirini na mbili. Mabawa yalianza kutetemeka kwenye matuta, mngurumo mdogo ukapita mbugani, na watu wote wakausikia.

"Vyandarua!" aliita Damari, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitegemea. "Funikeni kilichobaki! Shikeni pembe!"

Vyandarua viliruka juu kama nyavu na kushuka. Watu walilala juu ya kingo zake, wazee kwa vijana, wakicheka, wakipiga kelele, huku nzige wakichemka chini yao. Waliobaki nje ya vyandarua waliruka. Walipaa, wakazunguka, wachache, wametawanyika, kila mmoja akienda upande wake kwa sababu hakuwa na mwenzake wa kumfuata.

Chidumizi alitazama kifaa chake kwa muda mrefu. Kisha akakiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Mwongozo unasema hakuna kundi!" alipaza. "Unasema hauoni kundi lolote! Hao wanaoruka ni panzi!"

Kelele iliyofuata ilisikika, waliambiwa baadaye, hadi stesheni ya reli.

*

Saa nne moto ulikuwa unawaka sehemu ishirini, na mbuga nzima ilinukia nzige wa kukaangwa kwa chumvi. Magunia yalikuwa yamepangwa kama ukuta. Tani themanini na nne. Nzige wangekaushwa, wangesagwa kwenye mashine ya Mama Foibe, wengine wangeliwa na watu, wengine na kuku na samaki wa mabwawa ya bonde. Nyuma ya ukuta ule mpunga ulisimama kijani, na upande wa pili uwele ulisimama na maziwa yake.

Mama Foibe alipanda juu ya trela. Alishukuru Mungu, akashukuru bonde, akawatania bonde, akamshukuru mama yake Chidumizi na sufuria lake. Kisha akamvuta Damari kwa mkono hadi juu.

"Na huyu!" alisema. "Mnamwona alivyo, hata kuamkia ni shida. Lakini mashine ilipokosea na kutuita pori, ni yeye aliyekuja kwa miguu yake kutuona. Ni yeye aliyeirekebisha. Mpigieni vigelegele!"

Vigelegele vilipaa. Damari alitazama nyuso zile, elfu tatu, zimepakwa manjano, zinampenda kwa jambo ambalo halikuwa kweli. Angeweza kuinamisha kichwa na kushuka. Watu wangesema ni aibu zake tu. Namba sifuri nne moja saba ingebaki namba.

Alichukua kipaza sauti.

"Mashine haikukosea," alisema.

"Hatusikii!" mtu aliita kutoka nyuma.

Alisafisha koo. Akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Mama Foibe alikuwa amemsogelea karibu, uso wake bado una kicheko, na Damari alimgeukia yeye.

"Nilipokwambia kuna kosa kwenye takwimu, mama, nilimaanisha mimi."

"Sema kwa nguvu, binti!"

"Ni mimi!" alisema Damari, na safari hii sauti yake ilifika mwisho wa mbuga. "Mpimaji ni mimi! Nilipita Sanzugwa kwa gari, nikaona akina mama wamekaa njiani, nikaogopa kushuka niwaamkie, nikaandika pori! Mahongolo pia ni mimi! Vijiji kumi na kimoja, ni mimi! Na hakuna kijiji hata kimoja kati ya hivyo kilicho pori!"

Moto uliendelea kulia. Mama Foibe alimtazama, kicheko kimeondoka, na Damari hakuinamisha macho.

"Kwa hiyo," alisema mama yule taratibu, "ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi. Nisameheni. Naomba nianze upya kwa miguu, kijiji kwa kijiji, na nikifika kwako, mama, naomba maji ya kunywa."